Mahishmati: Dola ya Filamu na Falme Zilizoizaa

Mahishmati ni dola ya kubuni. Inajulikana duniani kupitia filamu mbili zilizoongozwa na S. S. Rajamouli: Baahubali: The Beginning, iliyotoka tarehe 10 Julai 2015, na Baahubali 2: The Conclusion, iliyofuata tarehe 28 Aprili 2017. Hadithi ilitungwa na V. Vijayendra Prasad, baba mzazi wa mwongozaji. Afrika Mashariki filamu yoyote kutoka India huitwa picha la Kihindi, lakini hizi ni kazi ya watu wa Hyderabad. Zilitengenezwa na tasnia ya Kitelugu, filamu ya kwanza ikapigwa kwa wakati mmoja kwa Kitelugu na Kitamil, halafu ikatiwa sauti za Kihindi na Kimalayalam. Filamu hiyo ilipewa tuzo ya taifa ya filamu bora ya mwaka 2015. Ya pili ilikuwa filamu ya kwanza ya India kuingiza zaidi ya rupia bilioni 10.

Katika filamu zote mbili hakuna mwaka unaotajwa, na mipaka ya dola haielezwi. Kinachoelezwa kwa kina ni ukoo. Mfalme Mahadeva anafariki mkewe akiwa mjamzito, na mke naye anakufa baada ya kujifungua. Kaka wa marehemu, Bijjaladeva, alikwisha kunyimwa kiti cha enzi kwa sababu ya mkono wake uliolemaa, na pia kwa sababu ya tabia yake. Sivagami, mke wa Bijjaladeva, anazima uasi, anashika hatamu za nchi, na kuwanyonyesha watoto wawili kwa pamoja: Bhallaladeva, mwanawe wa kumzaa, na Amarendra Baahubali, yatima wa Mahadeva. Wanafundwa upanga na utawala chini ya paa moja. Vita dhidi ya watu waitwao Kalakeya vinafanywa mtihani wa mwisho. Bhallaladeva ndiye anayemuua kiongozi wa adui, ila Baahubali ndiye anayewaokoa raia ambao adui amewafanya ngao, na Sivagami anamtangaza huyo kuwa mfalme mtarajiwa.

Ndoa ndiyo inayoharibu mambo. Baahubali anampenda Devasena, binti wa ufalme wa Kuntala, ambaye mama mlezi amekwisha kumwahidi mwanawe. Baahubali anapoteza kiti, anafukuzwa kwenye kasri, na hatimaye anauawa kwa amri ya Sivagami aliyedanganywa. Anayemuua ni Kattappa, mtumwa na mlinzi wa ukoo, mtu ambaye Baahubali alimwita mjomba. Filamu ya kwanza ilikoma hapo bila kutoa sababu, na kwa karibu miaka 2 India nzima ikaulizana kwa nini Kattappa alimuua Baahubali. Devasena anafungwa minyororo kwa miaka 25, mpaka mwanawe Mahendra, aliyekulia kijijini chini ya maporomoko ya maji, anaporudi kudai haki.

Jina la dola hii halikubuniwa. Mahishmati ulikuwa mji wa kweli, na wataalamu wengi wanaulinganisha na Maheshwar ya leo, kwenye ukingo wa mto Narmada katika jimbo la Madhya Pradesh. Wachache wanaona ni Mandhata, kisiwa cha mto huohuo upande wa juu. Katika masimulizi ya kale, Mahishmati ni makao ya Kartavirya Arjuna, mfalme wa ukoo wa Haihaya mwenye mikono elfu moja, aliyemkamata hata Ravana, mfalme wa mashetani, na ambaye mwishowe aliuawa na Parashurama. Karibu na Maheshwar kuna mahali mto unapogawanyika katika vijito vingi juu ya miamba, panapoitwa Sahasradhara, na wenyeji husema ni pale mfalme huyo alipouzuia mto kwa mikono yake. Utenzi wa kale wa Mahabharata nao una mfalme wa Mahishmati aitwaye Nila, aliyelindwa na Agni, mungu wa moto, kiasi kwamba jeshi la Sahadeva lilishindwa kuusogelea mji.

Historia isiyo ya miujiza nayo ipo. Katika miaka ya 1950 wanaakiolojia wakiongozwa na H. D. Sankalia walichimba Maheshwar na Navdatoli, ng'ambo ya pili ya mto, wakakuta makazi ya wakulima wa milenia ya pili KK: nyumba za fito na udongo, vyungu vilivyopakwa michoro, punje za ngano. Kufikia karne ya 6 KK, Avanti ilikuwa miongoni mwa falme 16 kubwa za India ya kaskazini na kati. Ujjayini ulikuwa mji mkuu wa upande wake wa kaskazini, na Mahishmati wa kusini. Maandiko ya Kibudha yanautaja mji huu kama kituo cha njia ndefu iliyotoka Pratishthana kwenye nyanda za Dekani, ikapita Ujjayini, ikaishia Shravasti karibu na Himalaya. Msafiri aliyetoka kusini kwenda kaskazini alivuka Narmada, na palipo na kivuko panapatikana ushuru.

Kipindi ambacho Mahishmati inakaribia kuitwa dola ni karne ya 6 na mwanzo wa karne ya 7 BK, chini ya Wakalachuri. Wafalme watatu wanajulikana: Krishnaraja, mwanawe Shankaragana na mjukuu wake Buddharaja. Sarafu za fedha za Krishnaraja zimepatikana mbali sana na Narmada. Nyingine, za shaba, zimeokotwa kwenye kisiwa cha Elephanta, mbele ya Mumbai, na ndiyo sababu moja ya wataalamu kadhaa kuamini kwamba pango kuu la kisiwa hicho, lenye sanamu ya Shiva wa nyuso tatu yenye kimo cha karibu mita 6, lilichongwa zama za Wakalachuri. Nguvu yao haikudumu. Mangalesha, mfalme wa Wachalukya wa Badami, alimpiga Buddharaja na kumpokonya mali, na nguzo ya mawe ya Mahakuta huko Karnataka inautaja ushindi huo. Baada ya hapo mji ulibaki mji tu, hadi Ahilyabai Holkar alipouchagua kuwa makao yake katika karne ya 18.

Kati ya hayo yote filamu ilichukua jina, basi. Mahishmati ya Rajamouli haina Narmada wala mahekalu ya ukingoni. Maporomoko ambayo Mahendra anayapanda ni ya Athirappilly huko Kerala, yenye kimo cha mita 24 hivi, yaliyorefushwa kwa kompyuta mpaka yakafika mawinguni. Kasri na viwanja vyake vilijengwa kama seti kwenye Ramoji Film City nje ya Hyderabad chini ya msanifu Sabu Cyril. Damu ya hadithi hii ni ya kusini, na majina ya wahusika yanalithibitisha hilo. Bijjala wa pili alikuwa Mkalachuri wa tawi la kusini, aliyewanyang'anya mabwana zake, Wachalukya wa Magharibi, mji wa Kalyani katikati ya karne ya 12. Ballala ni jina la wafalme watatu wa Hoysala waliotawala Karnataka. Kuntala, ambayo kwenye filamu ni ufalme mdogo wenye amani na askari wachache, kihistoria ilikuwa eneo pana la Karnataka ya kaskazini na kusini mwa Maharashtra, na wafalme wa Kalyani walijivunia kuitwa mabwana wake. Filamu imegeuza mambo: nchi ya mabwana imekuwa kijiufalme cha kuposwa.

Jina la Baahubali lina uzito zaidi. Katika imani ya Kijaini, Bahubali na Bharata ni wana wa Rishabha, mwalimu mkuu wa kwanza wa dini hiyo. Bharata alitaka dunia yote iwe chini yake, na ndugu yake akakataa kumwinamia. Ili majeshi yasiangamie, wawili hao walikubali kushindana peke yao, mwisho wakiwa katika mieleka. Bahubali alishinda. Alipokwisha kushinda, akauona ushindi wenyewe hauna maana, akaacha kila kitu, akasimama kutafakari mpaka mimea ikamtambaa miguuni. Sanamu yake iko Shravanabelagola, Karnataka, imechongwa kutoka jiwe moja la matale, ina kimo cha mita 17 hivi, na iliagizwa mnamo mwaka 981 na Chavundaraya, waziri na jemadari wa wafalme wa Ganga. Baahubali wa filamu si Mjaini na upanga wake haupumziki. Hata hivyo tukio kubwa la filamu ya pili, pale mtu anayestahili kiti anapokiachia na kuondoka mikono mitupu huku umati ukimlilia yeye badala ya aliyetawazwa, lina harufu ya hadithi hiyo ya kale.

Mfupa wa hadithi ni Mahabharata. Katika utenzi huo Dhritarashtra, ndugu mkubwa, ananyimwa kiti kwa sababu ni kipofu, na mdogo wake Pandu anatawala. Pandu anapokufa, watoto wa ndugu hao wanapigania urithi. Badala ya upofu, weka mkono uliolemaa, na Bijjaladeva amesimama mbele yako. Bhallaladeva ni Duryodhana, mwana wa Dhritarashtra, mwenye misuli mikubwa zaidi, na aibu anayotendewa Devasena inamkumbusha kila mtazamaji wa India aibu ya Draupadi, mke wa wana wa Pandu. Rajamouli amesema mara nyingi kwamba alikua akisoma vitabu vya katuni vya Amar Chitra Katha, vilivyoanzishwa na Anant Pai mwaka 1967, ambavyo viliwasimulia watoto hadithi za miungu na wafalme kwa picha za rangi. Pia alikuwa amekwisha kujaribu ufalme wa kubuni katika Magadheera ya mwaka 2009, yenye nchi iitwayo Udayghad. Nyuma yake kulikuwa na mila nzima ya filamu za Kitelugu za ngano za kifalme, kama Patala Bhairavi ya mwaka 1951, ambazo hazikujali mfalme yuko nchi gani mradi ana binti, adui na mchawi.

Lakini utenzi hauwezi kusifiwa peke yake, kwa maana urithi ulikuwa donda halisi la falme za Dekani. Mfano mzuri kuliko yote unagusa Mahishmati yenyewe. Kirtivarman wa kwanza wa Badami alipofariki mwishoni mwa karne ya 6, mwanawe Pulakeshin alikuwa bado mdogo, na mdogo wa marehemu, yuleyule Mangalesha aliyewapiga Wakalachuri, akashika nchi. Kijana alipokua, baba mdogo hakutaka kutoka. Kwa mujibu wa maandishi ya mawe ya Aihole ya mwaka 634, Mangalesha alitaka kiti kimwendee mwanawe wa kumzaa. Pulakeshin alitoka kasri, akakusanya jeshi, na mnamo mwaka 610 akamuua baba yake mdogo na kutawala kama Pulakeshin wa pili, mfalme aliyekuja kumzuia Harsha wa kaskazini asivuke Narmada. Maandishi ya Aihole yalitungwa na Ravikirti, malenga wa Pulakeshin mwenyewe. Mangalesha hana shahidi wa kumtetea.

Karne nne na nusu baadaye jambo lilijirudia kwa Wachalukya wa Kalyani. Mwaka 1076 Vikramaditya wa sita alimwondoa kaka yake Someshvara wa pili na kutawala kwa miaka 50. Malenga Bilhana, aliyetoka Kashmir kutafuta riziki kusini, aliandika utenzi kumsifu. Ndani yake mdogo ni hodari, mtiifu na mpole, kaka ni dhalimu aliyepotoka, na miungu yenyewe inamsukuma mdogo kuchukua kiti ambacho yeye hakitaki. Ukiusoma utenzi huo baada ya kuitazama Baahubali, utaona umbo lilelile. Tofauti ni kwamba katika historia aliyependwa na malenga ndiye aliyeshinda na kulipa ujira. Filamu haina Someshvara wa kumsikiliza. Bhallaladeva ni mwovu tangu utotoni, na hapo ndipo hadithi inapokuwa nyepesi kuliko historia iliyoizaa. Wakuu wa India ya kale walijua kuwa tatizo halikuwa tabia ya mtu mmoja. Arthashastra, kitabu chao mashuhuri cha utawala, kina sura nzima inayomfunza mfalme kujikinga na wanawe mwenyewe, na ushauri unaopingwa humo ni pamoja na kuwaua wangali wachanga.

Sivagami, akaimuye kiti huku akilea warithi wawili, anaweza kuonekana kama ndoto ya waandishi wa siku hizi. Wanawake wa namna yake walikuwepo. Prabhavatigupta, binti wa Chandragupta wa pili, alitawala nchi ya Wavakataka kwa niaba ya wanawe wadogo mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzo wa karne ya 5, na mabamba ya shaba ya zawadi za ardhi yalitolewa kwa jina lake. Didda wa Kashmir alianza kwa kumsimamia mwanawe, akaendelea kwa wajukuu, halafu akatawala mwenyewe hadi mwaka 1003. Mwanahistoria Kalhana anamtuhumu kuwaua wajukuu hao. Huyo alikuwa na giza ambalo Sivagami hakuruhusiwa kuwa nalo. Kosa la Sivagami ni kudanganywa tu.

Wa karibu zaidi na watazamaji wa Kitelugu ni Rudramadevi, malkia wa Wakakatiya aliyetawala kutoka Orugallu, Warangal ya leo, kuanzia miaka ya 1260 hadi mwaka 1289 hivi. Baba yake Ganapatideva hakuwa na mtoto wa kiume, na katika maandishi ya mawe Rudramadevi anapewa jina na vyeo vya mwanamume. Marco Polo alisikia habari zake na kuisifu haki ya utawala wake. Filamu juu ya maisha yake ilitoka Oktoba 2015, miezi mitatu baada ya Baahubali ya kwanza, na aliyeigiza kama malkia alikuwa Anushka Shetty, yuleyule Devasena. Na Mahishmati ya kweli nayo ilipata malkia. Ahilyabai Holkar alifiwa na mume vitani mwaka 1754, baba mkwe mwaka 1766 na mwanawe mwaka 1767, akatawala Malwa kutoka Maheshwar hadi alipofariki mwaka 1795. Alijenga ngazi za mawe kando ya Narmada, akagharimia mahekalu nchi nzima, likiwemo lile la Kashi Vishwanath huko Varanasi, na akawaleta wafumaji walioanzisha sari za Maheshwari, ambazo zinauzwa mpaka leo.

Kattappa amewakwaza wengi. Mtu mwema anamuua mtu mwema kwa sababu wazee wake waliapa kukitumikia kiti, yeyote akaliaye. Katika Mahabharata hiyo ndiyo hali ya Bhishma, mzee wa ukoo aliyeapa kukitumikia kiti, ila kiapo cha namna hiyo hakikuishia kwenye tenzi. Wachola walikuwa na vikosi vya velaikkara, askari waliojifunga kwa kiapo kufa pamoja na bwana wao. Kwa Wahoysala walinzi hao waliitwa garuda. Mbele ya hekalu la Hoysaleswara huko Halebidu ipo nguzo ya karne ya 13 inayomkumbuka Kuvara Lakshma, jemadari wa Ballala wa pili, aliyejitoa uhai baada ya kifo cha mfalme wake, pamoja na mkewe na walinzi wenzake. Nakshi za nguzo zinawaonyesha watu wakijikata vichwa. Tofauti na Kattappa ni kwamba hawa walijifunga kwa mtu, na bwana akifa kiapo kinakwisha nao. Kujifunga kwa kiti, hata kiti kikiwa kimekaliwa na muuaji, ni ukali ambao filamu imeongeza.

Jambo jingine ambalo filamu haikulifikiria ni kwamba mtumwa wa Dekani aliweza kupanda. Malik Ambar alizaliwa Ethiopia mnamo mwaka 1548, akauzwa utotoni, akapitia mikono ya mabwana kadhaa, na kufikia mwaka 1600 alikuwa kaimu wa usultani wa Ahmadnagar, akiweka masultani kitini na kuwazuia Wamughal kwa vita vya kuvizia mpaka alipofariki mwaka 1626. Alianzisha mji wa Khadki, ambao baadaye uliitwa Aurangabad. Waafrika wengine, walioitwa Wahabshi, walishika ngome na majeshi katika falme jirani. Kattappa ana nguvu ya kuangusha jeshi na bado hathubutu kula meza moja na waungwana. Malik Ambar alimwoza sultani binti yake.

Vita vya Mahishmati ni mchanganyiko wa elimu ya kale na mchezo wa kompyuta. Jeshi kujipanga kwa umbo la silaha au mnyama, kama ule mpango wa mkuki wa ncha tatu katika filamu ya kwanza, ni mila ya kweli iliyoelezwa katika Mahabharata na Arthashastra. Gari la Bhallaladeva, lenye mapanga yanayozunguka mbele na kufyeka watu kama majani, linaonekana upuuzi mtupu, lakini lina babu. Maandiko ya Kijaini yanasema Ajatashatru, mfalme wa Magadha katika karne ya 5 KK, aliwapiga Walichavi kwa gari lililofungwa rungu na kwa mtambo wa kurusha mawe makubwa. Kilichopungua ni tembo. Filamu inao, lakini kama mapambo ya mfalme na sherehe, ilhali kwa majeshi ya Dekani tembo walikuwa silaha. Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyefika nchi ya Pulakeshin mnamo mwaka 641, aliandika kwamba mashujaa na tembo wao walinyweshwa pombe kabla ya vita, na kwamba hakuna adui aliyeweza kusimama mbele yao.

Maadui wamechorwa vibaya zaidi. Kalakeya ni jina la ukoo wa viumbe wa Kidanava waliouawa na Arjuna, mwana wa Pandu, katika Mahabharata. Filamu imewageuza kuwa kundi la watu waliopakwa weusi, wachafu, wanaozungumza Kiliki, lugha iliyobuniwa na mtunzi wa nyimbo Madhan Karky ikiwa na maneno 750 hivi na kanuni zake za sarufi. Juhudi iliyotumika kuwapa lugha ingetosha kuwapa na sababu ya kupigana. Weupe wa watawala na weusi wa washenzi ni desturi mbaya ya filamu za India, na mtazamaji wa Mombasa au Dar es Salaam huiona haraka kuliko wa Hyderabad. Katika filamu ya pili wanatokea Wapindari, wanyang'anyi wapanda farasi. Hawa ni wa kweli, isipokuwa walivuma karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, mpaka Waingereza walipowavunja katika vita vya 1817 na 1818. Hadithi yenye gari la Ajatashatru na Wapindari kwa pamoja imenyoosha miguu juu ya miaka 2,200.

Mji wenyewe unachukua ukuu wake kutoka Vijayanagara, dola iliyotawala kusini kuanzia mwaka 1336 na ambayo mji wake mkuu, Hampi, uliharibiwa baada ya vita vya Talikota, Januari 1565. Abdur Razzaq, mjumbe kutoka Herat aliyefika mwaka 1443, alieleza kuta saba zilizozungukana. Domingo Paes, Mreno aliyefika mnamo mwaka 1520, aliufananisha na Roma kwa ukubwa. Jukwaa la mawe alipokaa mfalme kutazama sikukuu ya Mahanavami, na mabanda ya tembo yenye kuba, bado yamesimama. Lakini sanamu ya dhahabu ya Bhallaladeva, inayosimamishwa kwa kamba na jasho la watumwa juu ya mji mzima, haina mfano huko. Wafalme wa kusini walijichonga kwa kiasi. Krishnadevaraya wa Vijayanagara anaonekana kwenye hekalu la Tirumala kwa shaba, akiwa na wake zake wawili, mikono imekutana kifuani, kama mja aliyekuja kusali. Aliyetaka kujenga kitu kikubwa alimjengea mungu: Rajaraja wa kwanza, mfalme wa Wachola, alimaliza hekalu la Thanjavur mwaka 1010, mnara wake ukiwa na zaidi ya mita 60, akaandika kwenye kuta zake orodha ya vyombo, mashamba, taa na wacheza ngoma 400 aliowatoa wakfu. Sanamu ndefu za watu wenye vyeo ni mtindo wa India ya leo, na mkejeli anaweza kusema hapo filamu ilikuwa ikizungumza na wanasiasa wa wakati wake.

Orodha ya Thanjavur inaonyesha pia pengo kubwa la Mahishmati ya filamu: haionekani inaishi kwa nini. Hakuna mtoza kodi wala soko, na mkulima anatokea tu kwa ajili ya kuonewa au kuokolewa. Falme halisi zilisimama juu ya maji yaliyokingwa. Wakakatiya walichimba malambo makubwa kama Pakhal na Ramappa, ambayo yanamwagilia mashamba ya Telangana hadi leo. Zilisimama pia juu ya wafanyabiashara kama wale wa Aihole waliojiita Mia Tano, waliokuwa na askari wao na waliosafirisha mizigo hadi Asia ya Kusini-Mashariki. Farasi wa vita walinunuliwa kwa bei kubwa kutoka Uarabuni na Uajemi, kwa kuwa kusini mwa India hawakuzaliana vizuri, na bandari iliyopitisha farasi ilikuwa na thamani ya ngome. Chuma nacho kilivuka bahari. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, anaeleza chuma kutoka pwani ya Waswahili na Sofala kikipelekwa India na kuuzwa kwa faida, na kwamba hakuna panga zilizoshinda za India kwa ukali.

Pengo hilo lilionwa na mwandishi Anand Neelakantan alipopewa kazi ya kuandika riwaya za kutangulia filamu. The Rise of Sivagami ilitoka mwaka 2017, ikafuatwa na Chaturanga mwaka 2020 na Queen of Mahishmati mwaka 2021. Sivagami hapo ni msichana yatima ambaye baba yake aliuawa na serikali kama msaliti, na ambaye ameapa kuiangusha dola ile ile ambayo baadaye ataitawala. Kuna makarani wala rushwa, wafanyabiashara, maharamia na watumwa wanaojua wanachokitaka, na utajiri wa Mahishmati una chanzo: mawe adimu ya kufulia panga, yanayochimbwa kwa siri na watoto walioibwa kwa wazazi wao.